Ufa wa Gonda

Dada yangu Mengia amepima theluji kwa miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo barua za shukrani zimekuja kwa jina la mumewe. "Mheshimiwa Bwana Placi Derungs," huandika watu wa taasisi ya utafiti wa theluji, "tunakushukuru kwa vipimo vyako makini." Placi, ambaye hawezi kutofautisha theluji ya jana na ya juzi, huzisoma kwa sauti mezani huku akijikuna kidevu kama profesa. Mengia humwambia apitishe viazi.

Ilianza baba yetu alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa kijiji chetu cha Surlain. Taasisi iliandika kuuliza nani ataendelea na kazi, Mengia akajibu kwamba ni yeye, akatia sahihi "M. Derungs", na huko ofisini mtu fulani akaona ni afadhali kuandika jina la mwenye nyumba. Nilimwambia awasahihishe.

"Nikianza kugombana na watu wa ofisi, Luregn, nitapima saa ngapi?" akanijibu.

Kila siku saa moja asubuhi, kuanzia Novemba mpaka Aprili, hutoka nyuma ya nyumba, akasoma mti uliochorwa sentimita, akapima theluji mpya iliyoangukia ubaoni, kisha akaipigia taasisi simu. Kila baada ya wiki mbili huchimba shimo mpaka kwenye udongo, akaingia humo na kuchungulia ukuta wa theluji tabaka kwa tabaka. Hili laini, hili gumu, hili limegeuka chembechembe kama sukari na halishikani na kitu. Akikuta la sukari husonya. Mimi ni fundi jibini, na sura ile naifahamu. Ndiyo ninayokuwa nayo nikikata jibini zuri nikakuta limeoza katikati.

Nyumba yao iko mwisho wa kijiji, ukingoni mwa korongo. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni unauona ng'ambo mteremko wa Gonda, na mbele yake, ardhi inapotulia, banda la Pardi. Kule ndiko Placi alikokuwa akiweka mitamba wake kila majira ya baridi. Nyasi za Pardi hukatwa kiangazi na kuhifadhiwa hukohuko, na kwa kuwa hakuna njia ya kuzileta nyumbani, wanyama ndio huzifuata nyasi. Mkulima naye huwafuata wanyama kwa ski, mbao za kutelezea thelujini, asubuhi na jioni. Kwa hiyo kwa siku anakatiza chini ya Gonda mara nne. Kwenda ni kushuka kidogo, sekunde arobaini. Kurudi unapanda, dakika tatu, hapo ni kama una mapafu ya Placi.

Mwaka jana theluji iliwahi. Mwisho wa Oktoba ilianguka mita nzima juu ya udongo ambao ulikuwa haujaganda, udongo wenye joto la kiangazi bado, nayo ikakaa hapo ikalilinda lile joto kama blanketi. Mengia hakuipenda tangu siku ya kwanza. Desemba alichimba shimo lake akaniita.

"Weka mkono hapa chini."

Niliweka. Kati ya theluji na nyasi palikuwa na maji.

"Umeona nyasi zilivyolala?" akasema. Zilikuwa ndefu, zimelala zote kuelekea bondeni, zimenyooka kama nywele zilizochanwa. "Mzigo wote huu umekalia utelezi. Na hapa ni tambarare. Kule Gonda je?"

Kule Gonda nyasi zilikuwa ndefu kuliko popote. Zamani Gonda ilikatwa kila Agosti, kwa mundu wa mpini mrefu, watu wamefunga vyuma miguuni wasiteleze. Mengia alianza kukata pale akiwa na miaka kumi na miwili, wengine wakapungua mmoja mmoja, naye akaacha wa mwisho, akiwa na hamsini na miwili, nyonga ilipomkatalia. Placi alikuwa na kazi za Pardi, mimi nina jibini langu, na mteremko ule haukubali mashine. "Achana nazo," Placi alimwambia. "Nyasi za kubeba mgongoni kwa umri huu? Ziache zijiotee." Akaacha. Miaka sita zikajiotea.

Tarehe ishirini na mbili Januari, akitoka kusoma kipimo, aliinua darubini akaona mstari wa kahawia juu ya Gonda. Ulikuwa ufa, umepita karibu upana wote wa mteremko. Sisi tunauita mdomo wa samaki. Theluji yote iliyokuwa chini ya ufa ilikuwa imeachia na imeanza kushuka yote kwa pamoja, taratibu, kiasi cha vidole viwili vitatu kwa saa.

Akapiga simu. Aliyepokea alikuwa yule mzee wa siku zote, ambaye hawajawahi kuonana lakini anamjua mpaka kikohozi chake.

"Ufa una upana gani, mama?"

"Mita moja na nusu."

"Kuna anayepita chini yake?"

"Yupo."

"Mwambie Bwana Derungs afunge njia. Na wasihangaike na baruti, haisaidii."

"Anajua," akasema Mengia, akakata simu.

Baruti haisaidii kweli. Maporomoko mengine ya theluji unaweza kuyafanyia ujanja. Theluji mpya, upepo, tabaka bovu chini, wewe unafunga njia, unalipua, inaanguka watu wakiwa mezani wanakunywa supu ya shayiri. Mdomo wa samaki hausikii. Unaweza kuachia leo saa sita mchana, au Machi alfajiri, kwenye baridi kali au kwenye joto, au ukayeyuka papo hapo usimguse mtu. Hata ungemleta profesa wa maprofesa angekwambia hivyohivyo, halafu angedai kahawa.

Nimo kwenye kamati ya maporomoko ya kijiji. Tulifanya tunachoweza, yaani tulifunga kamba njiani tukaweka kibao cha kukataza kupita. Asubuhi iliyofuata Placi aliinama akapita chini ya kamba, na mimi akaniamkia vizuri tu.

Jioni, watu walipoleta maziwa kwangu, mwenyekiti wetu Barclamiu, mtu wa posta, mnene na mwenye haraka, alimkabili mbele ya wote.

"Placi, kibao umekisoma?"

"Nimekisoma. Mitamba ndio hawajui kusoma, na wana njaa."

"Nakuongelesha kama mwenyekiti."

"Nami nakujibu kama mwenye ng'ombe. Nina mitamba sita kule, wote wana mimba. Nifanyeje, niwapigie simu?"

"Tuwatoe."

"Ukiwatoa utawapitisha wapi? Palepale! Na mnyama mwenyewe anatembea kama bibi harusi, robo saa kila mmoja. Mimi peke yangu ni sekunde arobaini. Haya, wewe si mtu wa posta, piga hesabu."

"Kuna helikopta."

"Mtamba mwenye mimba ya miezi saba nimtundike angani kama kengele? Tangulia wewe, tuone kamba kama itakushika."

Watu wakacheka, hata Barclamiu. Hesabu yake ilisikika sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nyasi za Pardi zingetosha mpaka katikati ya Machi, na hapo mitamba wangelazimika kutoka iwe isiwe. Mpaka wakati huo huenda Gonda ingekuwa imeanguka yenyewe, na salama kuliko zote ilikuwa mtu mmoja apite mbio. Hakuna aliyepiga kura. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ndiyo ruhusa.

Tangu siku hiyo dada yangu alimfunga mumewe kamba nyekundu kiunoni kila alipotoka. Ni kamba nyembamba ya mita ishirini, ina vibati vyenye mshale unaoelekea kwa mtu. Unaiburuta nyuma yako, na ukifukiwa, kamba kwa kuwa ni nyepesi hubaki juu, waokoaji wakaifuata. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini theluji ya mdomo wa samaki ni nzito kama saruji mbichi, humeza mtu na kamba yake. Mengia alilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Alifunga hivyohivyo.

"Mikono juu."

"Unanifunga kama soseji, mwanamke."

"Simama vizuri."

"Nikifa hii kamba uirudishe kwa kamati. Ni mali ya umma."

"Placi, nyamaza!"

Kisha huenda dirishani na saa mkononi. Mara nne kwa siku. Placi akishaingia Pardi, huketi. Akitoka, husimama tena. Akiwa katikati ya Gonda anaonekana mdogo, doa jeusi lenye mkia mwekundu, na juu yake lile doa la kahawia lililo pana kuliko kanisa.

Siku moja sikuvumilia.

"Dada, unaangalia nini? Ukiiona inaanguka utafanya nini?"

"Nitapiga kelele."

"Hatasikia. Kuna korongo zima hapo."

"Najua."

"Basi kaa chini unywe kahawa yako."

"Nikikaa ndipo itakapoanguka."

Nilishtuka. Mwanamke mwenye akili kuliko kamati nzima, aliyewacheka watu maisha yake yote kwa ushirikina wao, alikuwa anauzuia mlima kwa macho. Nilimhurumia, na mimi nikihurumia huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia atarukwa na akili. Hakugeuka.

"Ni mimi niliyeacha kukata, Luregn," akasema.

"Nyonga ilikuuma!"

"Iliuma. Lakini mwaka ule wa kwanza ningeweza. Nilichoka tu."

Nikachukua ndoo zangu nikaenda zangu.

Ufa aliupima kwa darubini kila siku na kuuandika. Mita mbili. Mita tatu. Tano. Halafu siku kumi na moja haukusogea hata kidogo, na hizo ndizo zilizomchosha zaidi, kwa sababu kusimama kwake hakukuwa na maana yoyote, sawa na kusogea. Viazi vilimuungulia kwenye kikaango. Nguo zikaanza kumpwaya. Placi alinilalamikia kwamba mkewe anataja namba usingizini.

"Wewe humwonei huruma?" nikamuuliza.

"Mimi nifanye nini, shemeji? Nikae nyumbani tuombe rozari, ng'ombe wafe njaa?" Akacheka. Nilitamani kumzaba kofi, mzee mzima wa miaka sitini na minne. Niliona ana roho ngumu kama kwato.

Katikati ya Februari homa ya mapafu ikamwangusha Placi. Daktari akasema siku tano bila kutoka. Mengia alivaa buti zake, na hapo nikamnyang'anya ski. Kwa nyonga ile angechukua dakika kumi na mbili kukatiza. Nilimwambia nitakwenda mimi, na asithubutu kunifunga soseji. Alinifunga.

Sitajisifu. Nilipofika ukingoni mwa Gonda miguu iligoma. Palikuwa kimya kabisa, jua zuri, theluji inameremeta kama kwenye kalenda. Sikuangalia juu. Sekunde arobaini nilizipita nimefumba mdomo, kama vile pumzi yangu ingeiamsha. Nilipoingia Pardi, mtamba mmoja, Brina, akanilamba mkono kana kwamba ameelewa.

Niliwalisha, nikawanywesha, nikasafisha. Ndipo nikaona kiti. Kilikuwa gogo lililowekwa nyuma ya mlango, limesuguka mpaka likang'aa. Ukikaa pale, kati ya mbao mbili za ukuta kuna mwanya, na kwenye mwanya huo huoni kitu kingine chochote ila ufa wa Gonda. Chini, sakafuni, kulikuwa na njiti za kiberiti zilizoungua. Si kumi wala ishirini. Zilikuwa rundo la kujaza kofia.

Nikakaa. Nilikaa muda mrefu kabla sijapata moyo wa kurudi, na nilipotoka nilielewa kwa nini siku hizi Placi alikuwa anachelewa kule Pardi.

Jioni nikaketi kitandani kwake. Mengia alikuwa jikoni.

"Shemeji, nimeona kuna kiti mlangoni."

"Cha kuvutia mtemba."

"Njiti nyingi."

"Mtemba huzimika." Akakohoa, akageukia ukutani. "Mikono inatetemeka, basi unazimika. Usimwambie dada yako."

Sikumwambia. Yeye alidhani mumewe haogopi, na hilo lilimkasirisha, na hasira ilimsaidia kusimama. Nani angemwondolea?

Mitamba walitoka Pardi tarehe kumi na nne Machi. Tulikuwa tumekanyaga njia kidogo kidogo kila tulipopita mpaka ikashikana. Kamati ilisimama pande zote mbili na majembe ya theluji, kila mtu akijua kwamba majembe yale ni ya kujifurahisha. Mmoja mmoja, Placi mbele na mfuko wa chumvi. Watano walipita vizuri. Brina alikuwa wa mwisho. Katikati kabisa, chini ya mdomo wenyewe, akasimama, akatanua miguu akakojoa, kisha akaanza kulamba theluji.

"Twende, mama," Placi akambembeleza. "Twende, malkia wangu. Nyumbani kuna chumvi nzuri kuliko hii."

Brina akamtazama. Barclamiu alikuwa anauma glavu yake. Mimi nilitazama upande wa pili wa korongo, nikaona dirisha, na ndani ya dirisha kitambaa cheupe cha kichwa kisichotikisika. Dakika sita. Kisha Brina akatikisa masikio akaja, hana hili wala lile.

Ufa ulikaa tu. Siku hamsini na moja tumepita chini yake, na ulikaa tu.

Uliachia Aprili, Jumatano mchana. Nilisikia mvumo kama lori linalomwaga mawe, nikatoka mbio. Gonda ilikuwa ya kahawia yote, uchi, na njia imefukiwa kwa kina cha watu wawili. Hapakuwa na mtu kule. Watu walitoka majumbani wakicheka na kupeana mikono kama siku ya Pasaka. Dada yangu nilimkuta ameketi chini, kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mapovu ya sabuni mpaka viwikoni, analia kwa kwikwi.

"Sasa unalia nini?" Placi akamuuliza. "Imekosa mtu."

"Siku zote zile nimeitazama," akasema. "Nimegeuka mara moja tu, kufua shuka."

Jioni ile Placi aliapa mbele yangu, kwa jina la mama yake, kwamba Pardi basi. Mitamba hawaendi kule tena majira ya baridi. Na kweli kiangazi kilipofika hakukata nyasi za Pardi hata moja, aliwalisha ng'ombe papo hapo zikaisha. Alitimiza neno lake, lazima niseme.

Mengia hakungoja kiangazi. Siku ya pili tu baada ya Gonda kuanguka, theluji ikiwa bado imefika madirishani, kijiji kizima kilisikia nyundo inagonga chuma, ko, ko, ko. Alikuwa ameshusha mundu wa mama kutoka darini, anayaponda makali yake kwa nyundo yawe membamba. Watu waliulizana kama amepata kichaa. Nilijua anachotaka. Nyasi zikiwa fupi, theluji hupata pa kushika.

Tulikata Gonda Agosti, sisi watatu. Mimi Jumapili tu, baada ya misa. Mengia alifunga vyuma miguuni, na nyonga ikizidi kumuuma alikata amepiga magoti, akijivuta pembeni hatua kwa hatua. Placi alitukana kwa lugha zote anazozijua, na aliendelea kukata. Zamani Gonda ilikuwa kazi ya watu kumi na wanne. Mpaka Septemba tulikuwa tumemaliza theluthi moja, kisha mvua ikaanza.

Theluthi ile moja ilitoa nyasi nzuri ajabu. Zilikauka kwa jua la siku nne, zina maua ndani, zinanukia mpaka unataka kuzila mwenyewe. Zingeweza kusukumwa korongoni zikaoza. Ninasema zingeweza, lakini hakuna mtu wa Surlain aliyewahi kutupa nyasi kavu, na hatukufikiria hata kidogo. Tulizifunga kwenye mashuka, tukazibeba mgongoni mpaka kwenye banda lililo karibu. Mengia mwenyewe alipanda juu ya lundo akalikanyaga lishikane. Banda lenyewe lilikuwa Pardi.

Novemba tulikuwa mezani, watatu hao hao.

"Zile nyasi," Placi akasema.

"Zimefanyaje?" Mengia akauliza.

"Hazijafanya kitu. Zipo."

"Basi ziache ziwepo."

Tukala. Nje kulikuwa na jua, ardhi kavu, hakuna hata unyoya wa theluji. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nikasema ng'ombe akila nyasi za Gonda maziwa yake yana harufu ambayo sijaipata kwa miaka sita. Placi alikata kipande cha nyama kavu, akakitafuna polepole. Ni Mengia aliyesema.

"Wiki tatu tu. Wanne, si sita. Kabla theluji haijaja."

Hakuna aliyemlazimisha. Zilimuumiza mikono nyasi zile, zilimgharimu magoti yake yote mawili, na kuziacha zigeuke kuvu ilikuwa zaidi ya uwezo wake. Hata mimi ningesema vivyo hivyo.

Theluji ilikuja tarehe tano Desemba, mita moja na sentimita kumi kwa siku mbili, juu ya udongo wenye joto, mitamba wanne wakiwa bado Pardi. Tarehe kumi na moja asubuhi nilikuwa jikoni kwao, nimepeleka jibini. Mengia aliingia kutoka kwenye kipimo, hakuvua buti, akanyanyua simu. Simu yao ina sauti kubwa, nilisikia kila neno. Aliyepokea hakuwa mzee wetu, alikuwa kijana, mchangamfu.

"Mdomo wa samaki," Mengia akasema. "Gonda. Upande ambao haukukatwa, theluthi mbili zote."

"Upana?"

"Mita moja."

"Kuna anayepita chini yake?"

"Yupo."

"Nani, mama?"

"Placi Derungs. Mara nne kwa siku."

Tukamsikia kijana akifunua karatasi. "Bwana Derungs? Mpimaji wetu mwenyewe?"

Mengia alinitazama mimi. "Ndiye," akasema.

"Ah! Basi afadhali. Ningekuwa na wasiwasi kama ni mtu mwingine. Mtu wa miaka ishirini na saba kwenye kazi hii, yeye atajua wakati wa kupita."

"Hakuna anayejua."

"Samahani, mama, sijasikia?"

"Nimesema asante."

Akaweka simu chini. Placi alikuwa mlangoni, ski begani, mikono ameshainua tayari kufungwa. Mfuko wake wa koti ulikuwa umetuna, viberiti viwili.

"Wamesemaje?"

"Wamesema unajua."

"Nimewaambia siku zote," akasema Placi, akacheka. Mengia alipitisha kamba nyekundu kiunoni mwake, akakaza, akafunga mafundo mawili. Kisha akachukua saa yake akaenda dirishani, na safari hii nami nikaenda nikasimama naye.